Ndugu Akibadili Dini, Udugu Huenda Wapi?

Mama yangu mdogo tulimzika Alhamisi moja baada ya swala ya alasiri. Jeneza lilipofika makaburini nilimuona mwanawe wa pili amesimama nje ya lango, kichwa wazi, mikono ameifunga mbele. Watu walipita ubavuni mwake kana kwamba ni mti. Mimi pia nilipita. Nilikuwa nimeshika jeneza upande wa kulia, nikajiambia kwamba mtu aliyebeba maiti hasimami kusalimia. Tukazika, ikasomwa talkini, tukaomba dua. Tulipotoka hakuwapo tena.

Ndugu yangu huyo alibatizwa miaka minne iliyopita. Leo ni Mkristo, na hajifichi.

Tangu siku ile nimeulizwa maswali mengi, mengine barazani na mengine kwa simu. Alirogwa? Alipewa pesa? Ana haki gani katika nyumba ya mamake? Je, kumtembelea ni dhambi? Nimeona niyajibu hapa kwa kadiri ya ninavyojua, kwa sababu nyumba zenye jambo kama hili katika pwani yetu si moja wala mbili, na nyingi hulifunika kama aibu. Msomaji ajue mapema ninaposimama. Mimi ni Muislamu, sina shaka na dini yangu, na siandiki kumsifia mtu kutoka katika Uislamu. Naandika ili tujue kilichotokea kabla ya kukihukumu.

Cherehani ya mamake

Tulisoma chuo kimoja, mkeka mmoja, na mimi ndiye niliyemtangulia kuhitimu msahafu. Alikuwa na sauti nzuri kuliko sisi sote. Alipofika miaka 22 aliingia katika unga, kama walivyoingia vijana wengi wa rika lake katika mitaa ya Mombasa, na miaka kumi na zaidi ikaenda hivyo. Wenye teja nyumbani hawahitaji kuelezwa. Vilianza kupotea vijiko, zikafuata sufuria, ukafuata mtungi wa gesi, na mwisho ikapotea cherehani ya mamake. Mama mdogo alikuwa akishona madera na sare za watoto wa shule, na cherehani ile ndiyo iliyowalisha tangu alipoachwa na mume.

Baada ya cherehani, kaka zake walimtoa nyumbani. Siwalaumu, mimi pia nilikuwapo na niliunga mkono. Akawa analala maskani. Tukimpita tulimpa shilingi hamsini bila kumtazama usoni.

Aliyemtazama alikuwa mzee mmoja wa kanisa dogo, mwenye nyumba ya kuwasaidia watu wa unga. Walimchukua akiwa na vidonda miguuni. Alipopata arosto walikaa naye usiku, wakamuosha, wakambadilisha nguo alizozichafua. Walimpeleka kliniki akaanza dawa ya methadoni, ambayo mtu hunywa kila siku mbele ya mhudumu, na kila siku alikuwapo mtu wa kufuatana naye. Baadaye wakamfundisha kushona. Hakuna aliyemwambia abadili dini ndipo apewe uji, nimemuuliza hilo mara tatu kwa maneno tofauti na jibu ni moja. Lakini alikuwa akiwasikia wakisali asubuhi na jioni, na baada ya miezi minane aliomba mwenyewe kufundishwa.

Siku alipokuja kwa mamake akiwa mzima, alikuja na cherehani. Si ile aliyoiuza, hiyo haikupatikana, ila nyingine aliyoinunua kwa malipo ya kidogo kidogo. Aliiweka barazani, akasema: “Mama, hii ni haki yako. Na nyingine nisemayo itakuuma.” Ndipo akamwambia amebatizwa.

Mama mdogo alilia siku mbili. Siku ya tatu akatandika kitambaa kwenye ile cherehani akaanza kushona.

Hapa ndipo kuna neno ambalo limenikaa kooni. Alipokuwa teja, mwizi, hajui swala wala saumu, tulimwita mtoto wetu, tukamuombea dua kila Ijumaa. Alipoacha unga na wizi na kuingia dini nyingine, kaka zake walisema si wao tena. Nafahamu kwamba kwa itikadi yetu dhambi hizi mbili hazilingani, na sitaki kuzilinganisha. Lakini nauliza kuhusu sisi: miaka ile kumi tulikuwa wapi, hata mtu wa kumkalia usiku awe mgeni?

Wanaposema “nimeokoka”

Waislamu wengi huchanganya mambo mawili ambayo Wakristo wenyewe huyatenganisha.

La kwanza ni ubatizo. Hii ni ibada ya maji ya kuingia katika Ukristo. Wakatoliki na Waanglikana hubatiza hata mtoto mchanga kwa kummiminia maji kichwani. Wabatisti na Wapentekoste humngoja mtu afikie umri wa kuamua mwenyewe, kisha humzamisha mwili mzima, na ndiyo maana Jumapili nyingine utawaona ufukweni wamesimama ndani ya bahari hadi kiunoni. Mtu mzima anayetaka kuwa Mkatoliki hufundishwa kwa miezi mingi, mara nyingi mwaka na zaidi, na kwa kawaida hubatizwa usiku wa kuamkia Pasaka. Kwa hiyo ile picha tuliyo nayo ya mtu kuvutwa leo na kubatizwa kesho haifanani na makanisa yote.

La pili ni kuokoka. Mtu anaweza kuwa amebatizwa utotoni na bado akasema kwamba aliokoka akiwa na miaka arubaini. Maana yake ni kwamba siku moja alijiona mwenye dhambi, akatubu, akaamini kwamba Yesu amemsamehe, na akaanza maisha mapya. Huita hali hiyo kuzaliwa mara ya pili, neno lililotoka katika sura ya tatu ya Injili ya Yohana, pale mwalimu wa Kiyahudi aitwaye Nikodemo alipomwendea Yesu usiku kumuuliza. Mfano wanaoutaja zaidi ni wa Paulo, aliyekuwa akiwatesa wafuasi wa Yesu, kisha akageuka akiwa njiani kwenda Damascus.

Katika Afrika Mashariki neno hili lilipata nguvu kutokana na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930. Uganda wafuasi wake waliitwa balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1937 uamsho huo ulifika Kenya. Watu wake walikuwa na desturi mbili zilizowashangaza hata wachungaji wao. Walisimama mbele ya watu kutaja dhambi zao waziwazi, na walikwenda kwa waliowaibia kurudisha mali. Ushuhuda unaousikia leo kanisani, mtu kueleza alikuwa nani na sasa ni nani, umerithi mengi kutoka huko.

Niliposoma habari hizo nilikumbuka ile cherehani barazani. Nikakumbuka pia tulivyofundishwa chuoni masharti ya toba: uache dhambi, uijutie, uazimie kutoirudia, na kama umedhulumu haki ya mja umrudishie. Sharti la nne lile hatulitaji sana siku hizi.

Tofauti yetu nao ni kubwa na haifai kuifunika. Wao wanaamini kwamba msamaha unapatikana kwa sababu Yesu alikufa msalabani kwa ajili ya dhambi za watu, na kwamba yeye ni Mwana wa Mungu. Sisi tunaamini kwamba Nabii Isa, amani iwe juu yake, ni mtume mtukufu aliyezaliwa na Bi Mariamu bila baba, kwamba Mungu hana mwana, na kwamba mja humwendea Mola wake moja kwa moja wala hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Mtu akivuka mstari huo amehama. Ndugu yangu anajua hivyo, nami najua. Hatujawahi kudanganyana kwamba ni jambo moja.

Jambo hili ni la zamani pwani hii

Wapo wanaodhani kwamba Ukristo wa Mombasa umekuja na reli au na watu wa bara. Historia inasema vingine, na ndani yake wamo watu wetu.

Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, akiwa na barua ya utambulisho kutoka kwa Sayyid Said wa Zanzibar. Miezi michache baadaye mkewe alifariki hapa hapa, na mtoto wao mchanga akamfuata. Alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, asili yake Barawa. Kadhi yule hakubatizwa, wala hakuona kwamba kumsaidia mgeni lugha kunampunguzia imani.

Mwaka 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann, wakafungua kituo Rabai. Mavuno yalikuwa haba sana. Wa kwanza kumuitikia Krapf alikuwa Mringe, mtu wa Kinyika mwenye ulemavu, aliyebatizwa akiwa mgonjwa wa kufa. Krapf akaondoka mwaka 1853. Ilipita miaka mingi kabla Rebmann hajambatiza Abe Gunja na mwanawe. Rebmann mwenyewe alikaa hadi mwaka 1875, karibu miaka 29, akaondoka macho yake yameharibika. Angalia ni nani aliyekuja mwanzo: mtu ambaye kijijini hakuhesabiwa kuwa na faida, na mgeni akakaa chini kuzungumza naye.

Kisha ikaja habari ya watumwa, na hii inatugusa sisi zaidi. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi, na waliookolewa walihitaji mahali pa kukaa. Ndipo mwaka 1875 ukaanzishwa mji wa Freretown, upande wa pili wa maji kutoka kisiwani, ukapewa jina la Sir Bartle Frere. Walimu wao wa mwanzo walikuwa Waafrika waliowahi kukombolewa na kusomeshwa Nasik, India, watu kama William Jones, Ishmael Semler na George David. Kengele yao ndiyo iliyopapa mahali pale jina la Kengeleni.

Huko Rabai nako, chini ya William Jones, walikimbilia watumwa watoro. Wengi wao walikuwa wametoroka mashambani na majumbani mwa Waislamu wa pwani. Mabwana walipodai watu wao, kampuni ya Waingereza iliwalipa fidia, na siku ya kwanza ya mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Si wote waliokuwa Wakristo, lakini wengi wao na watoto wao walibaki na dini ya mahali palipowapokea. Mmoja wa wana wa Freretown, James Juma Mbotela, aliandika habari za watu wake katika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934.

Tuna methali yetu, mkataa kwao mtumwa. Wale walikuwa watumwa kwanza, na “kwao” kulikuwa kumeshachukuliwa. Kanisa liliwapa jina, mke, kiwanja na jirani. Tusishangae walikaa.

Na kama ni nyumba kubwa, hakuna iliyokuwa kubwa kuliko ya Sayyid Said mwenyewe. Binti yake, Sayyida Salme, alizaliwa mwaka 1844. Alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, akabeba mimba yake, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko alibatizwa mwezi Mei 1867 akaitwa Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa. Mumewe alifariki Hamburg mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Mwaka 1885 alirudi Zanzibar na meli za Wajerumani akitafuta haki yake ya urithi na, zaidi ya urithi, uso wa ndugu zake. Barghash alikataa kumuona. Salme alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Katika barua zake zilizochapishwa baada ya kufa kwake anaeleza jinsi alivyoingizwa katika dini mpya bila kufundishwa vya kutosha, na jinsi moyo wake ulivyobaki katikati kwa muda mrefu. Inasimuliwa kwamba alihifadhi mchanga wa pwani ya Zanzibar hadi mwisho wa maisha yake.

Nimeyataja haya matatu kwa makusudi. Mringe aliingia kupitia ugonjwa, watoro kupitia utumwa, Salme kupitia mapenzi na hofu ya mimba. Ndugu yangu aliingia kupitia unga. Sisemi kwamba imani yao haikuwa ya kweli. Imani huanza mahali popote, na wengi wao waliishi na kufa nayo. Ninachosema ni kwamba mjadala wa Biblia na Qur'ani tunaoushabikia sana viwanjani mara nyingi huwa haukuwapo kabisa. Palikuwa na mtu mwenye shida, na palikuwa na aliyefungua mlango.

Mahaji wetu

Mlango huo sisi tunaujua vizuri, kwa sababu kwa miaka mingi tumeufungua upande wetu. Ndugu zetu wengi wa Kimijikenda waliosilimu waliitwa mahaji. Walikuja Mombasa, Malindi, Takaungu na kwingineko kutafuta kazi, ndoa au himaya wakati wa njaa, wakapokewa katika nyumba za Waislamu, wakapewa majina, na leo wajukuu wao ndio maimamu na walimu wetu. Mtu akisilimu mtaani kwetu watu hupiga takbiri, hupika, humvisha kanzu. Hatuulizi mamake kule Kaloleni au Ganze analia vipi.

Nimewahi kukaa na mama mmoja wa Kigiriama ambaye bintiye alisilimu na kuolewa mtaani kwetu. Aliniambia: “Sikukasirika kwamba anaswali. Nilikasirika alipokataa kula kwangu.” Namkumbuka mama huyo kila ninapowaza juu ya mama mdogo. Uchungu ni ule ule, umegeuzwa upande tu.

Dini na sheria zinasemaje

Sasa nije kwenye maswali yanayohitaji majibu ya moja kwa moja.

Je, mtu ana haki kubadili dini Kenya? Ndiyo. Kifungu cha 32 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo linalopingana na imani yake. Haki hiyo hiyo ndiyo inayomlinda binti yetu anapotaka kuvaa hijabu na anayesilimu anapokataliwa na ukoo wake.

Je, Uislamu unasemaje kuhusu anayetoka? Ni jambo zito na sitalipunguza. Vitabu vya fiqhi vina mlango mzima kuhusu kuritadi. Lakini hukumu zilizomo humo wanazuoni wenyewe waliziweka mikononi mwa dola na kadhi wake, baada ya kusikiliza na kuelimisha. Hawakumpa shemeji, wala kijana wa barazani mwenye hasira. Anayempiga au kumtishia ndugu yake kwa jina la dini amevunja sheria ya nchi na hana fiqhi ya kujifichia. Pia si jambo jipya. Wapokezi wa sira kama Ibn Ishaq wamesimulia kwamba Ubaidullah bin Jahsh, mmoja wa waliohamia Uhabeshi, aliingia Ukristo huko akafa nao, na mkewe Umm Habiba akabaki katika Uislamu.

Je, kumtembelea ni dhambi? Suratul Baqara aya ya 256 inakataza kulazimishana katika dini. Suratu Luqman aya ya 15 inazungumzia wazazi wanaomshurutisha mtoto kumshirikisha Mungu: asiwatii katika hilo, lakini akae nao duniani kwa wema. Na katika hadithi sahihi, Bi Asmaa binti Abubakar alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu mamake ambaye hakuwa Muislamu na amekuja kumuona. Aliambiwa aunge naye udugu. Atakayesema kwamba mzazi wa dini nyingine si sawa na ndugu aliyeacha dini, ana hoja, na masheikh wana maelezo yao. Mimi si sheikh. Lakini sijapata kusikia kwamba wema ndio uliomfanya mtu akatae kurudi.

Je, anarithi? Hapa watu wengi hukosea pande zote mbili. Katika hadithi aliyoipokea Usama bin Zayd, Muislamu harithi kwa asiyekuwa Muislamu, wala asiyekuwa Muislamu harithi kwa Muislamu. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, nayo inaacha mali ya aliyekufa akiwa Muislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu. Lakini kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi uwezo pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa hapo. Mmoja wao akiwa Mkristo na akaleta kesi, huenda ikaishia katika mahakama nyingine, na familia ikatumia miaka na pesa nyingi kwa nyumba ya vyumba sita.

Njia nyepesi ni kupanga mambo mzazi akiwa hai. Kuna hiba, yaani zawadi ambayo mtu mwenye afya na akili timamu anampa amtakaye na kumkabidhi. Kuna wasia, ambao hauzidi theluthi ya mali na ni kwa asiyekuwa mrithi. Kuhusu aliyeritadi wanazuoni wana maelezo marefu katika wasia, kwa hiyo mzazi asifanye kwa kukisia. Aende kwa kadhi au mwanachuoni anayemwamini, aandike, na mashahidi wawepo.

Mama mdogo hakuandika kitu. Lakini miezi sita kabla ya kufa, mbele ya wanawake wawili na mimi, alimwita mwanawe akamshikisha funguo ya chumba cha kushonea akasema: “Cherehani nimekupa. Ichukue ukitaka, iache hapa ukitaka, ni yako.” Aliiacha kwa sababu mamake alikuwa bado akishona.

Kupita Kengeleni

Baada ya arubaini kaka mkubwa alitaka cherehani iuzwe, pesa ziende sadaka kwa ajili ya marehemu. Kikao kilikuwa kizito. Wale wanawake wawili walisema walichosikia. Mimi nilikaa kimya kwa muda, kama nilivyopita kimya pale langoni. Kisha nikasema nami nilikuwapo, na kwamba sadaka ya mali ya mtu mwingine haimfikii maiti. Kaka mkubwa akaondoka bila kuaga. Mpaka leo salamu zetu ni nusu.

Tuliifunga cherehani kwa kamba kwenye tuktuk, tukavuka daraja la Nyali, tukapita Kengeleni ilipo ile kengele, tukaingia ndani Kisauni anakoishi. Nilimkuta mlangoni pa chumba chake, tepu ya kupimia shingoni. Ana wanafunzi wawili, wote walitoka maskani. Mmoja anaitwa jina la Kiislamu na saa ya adhuhuri nilimuona akitoka kwenda msikitini.

Nilimuomba radhi kwa siku ya mazishi. Akasema: “Kaka, sikuja kuleta fitina. Nilitaka tu kumuona mamangu akiingia.” Nikamwambia mtu anaweza kuzuru kaburi. Siku ya pili yake tulikwenda wote. Mimi nilisoma Fatiha na kuomba dua, yeye alisimama kando kimya, kichwa ameinamisha. Hatukujadiliana chochote.

Mimi bado ninamuombea arudi, na nimemwambia hivyo usoni. Naye ameniambia ananiombea. Kila mtu ana dua yake. Lakini wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na hawakuongeza “akiwa dini yako”. Kwa hiyo nina ombi moja kwa msomaji mwenye jambo kama letu nyumbani. Kama ana mtoto yuko maskani leo, amfuate leo, kabla hajapata wa kumkalia usiku. Na kama ameshahama, mpigie simu mamake akiugua. Usimuache apate habari kutoka kwa watu wa njiani, kisha aje kusimama nje ya lango.

Wabillahi tawfiq.